Mwanajeshi na Pikipiki Yake: Mafunzo Yanayodaiwa na Barabara ya Monduli

Ninafundisha uendeshaji wa pikipiki hapa Arusha, na miongoni mwa wanaonijia kila mwaka wamo wanajeshi: vijana waliopangiwa vikosi vya mkoa huu, maofisa vijana waliohitimu Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi pale Monduli, na baadhi ya waliopita katika kambi ya JKT ya Oljoro. Nawapenda wanafunzi hawa. Wanafika kwa wakati, wanasikiliza hadi mwisho, na ukiwaambia warudie zoezi hawanung'uniki. Hata hivyo kuna jambo ninaloliona likijirudia, nalo ndilo lililonisukuma kuandika: sifa zinazomfanya mtu awe askari mzuri, yaani kustahimili uchovu, kutorudi nyuma mbele ya hatari na kuamini kwamba mwili utaitikia tu ukilazimishwa, ndizo hizo hizo zinazomweka pabaya akiwa juu ya magurudumu mawili. Ujasiri haufupishi umbali wa kusimama. Ndiyo maana naamini kwamba mwanajeshi mwenye pikipiki anahitaji mafunzo yake mahususi, yanayotolewa ndani ya saa za kazi, na yanayohusu pikipiki yake binafsi, ile anayoipanda akiwa nje ya zamu.

Nasema nje ya zamu kwa makusudi. Akiwa kazini, askari ana mkubwa wake, ana utaratibu, na chombo anachokitumia kina mtu anayekikagua. Kijana yule yule akitoka langoni jioni na Boxer aliyoinunua kwa akiba ya mshahara wake, mara nyingi anabaki peke yake na uamuzi wake: kama leseni yake ina daraja la pikipiki, kama tairi la nyuma bado lina meno, kama cheni imelegea, kama usingizi alioupata jana unamtosha kufika mjini. Mwaka 2008 Marekani iliona jambo hili kwa namna ya kuumiza. Katika kipindi cha takriban mwaka mmoja, askari 25 wa kikosi cha Marine walikufa kwa ajali za pikipiki, ilhali waliouawa katika mapigano nchini Iraq katika kipindi hicho hicho walikuwa 20. Vijana walikuwa wanarudi salama kutoka vitani, wananunua pikipiki za mwendo kasi kwa fedha walizolimbikiza, kisha wanazikwa kwao.

Wamarekani hawakuiacha habari hiyo ipite kwa rambirambi tu. Wizara yao ya Ulinzi inamtaka kila mwanajeshi anayeendesha pikipiki, awe kazini au mapumzikoni, apitie kwanza kozi iliyoidhinishwa, na nyingi ya kozi hizo zimejengwa juu ya mitaala ya Motorcycle Safety Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1973. Mafunzo hayo hayamgharimu askari, wala hayakatwi katika siku zake za likizo. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu mtu akitakiwa kujifunza usalama kwa fedha yake na kwa siku ya mapumziko yake, wengi hawatakwenda. Baada ya kozi ya mwanzo kuna ya ngazi ya juu, kisha kuna iliyotungwa mahususi kwa wenye pikipiki za mwendo kasi, na waendeshaji wazoefu huombwa kuwalea wapya ndani ya kikosi.

Msomaji anaweza kusema kwamba sisi hatuna pikipiki za namna hiyo. Ni kweli, hapa kwetu tuna Boxer, TVS na Honda za CC 100 hadi 150. Lakini kufa kwa pikipiki hakuhitaji injini kubwa. Pikipiki ya CC 125 yenye mtu mmoja inafika kilomita 80 kwa saa bila taabu kwenye lami iliyonyooka ya Kisongo, na mwendo huo una nguvu ya mgongano mara nne ya ule wa kilomita 40.

Jeshi na kofia ngumu vina historia moja ambayo huwasimulia wanafunzi wangu wote. T. E. Lawrence, ofisa wa Uingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya dola la Uturuki katika Vita Kuu ya Kwanza, alinusurika vita ile akaja kufa kwa pikipiki. Mei 1935, miezi michache baada ya kuacha utumishi katika jeshi la anga, aliikwepesha Brough Superior yake ili asiwagonge wavulana wawili wa baiskeli katika barabara ya shamba huko Dorset, akarushwa bila kofia kichwani, na baada ya siku sita akafariki. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwapo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, na kifo kile hakikumtoka moyoni. Vita ya Pili ilipoanza, aliwachunguza matarishi wa jeshi waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki usiku, katika barabara zilizozimwa taa kwa kuogopa ndege za adui, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake kuhusu majeraha ya kichwa na umuhimu wa kofia. Novemba ya mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru matarishi wake wote waivae. Raia wa Uingereza walisubiri sheria ya namna hiyo hadi mwaka 1973. Kwa hiyo, ikiwa kuna kundi la watu wanaoweza kusema kwamba kofia ngumu ya pikipiki ni urithi wao, ni wanajeshi.

Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Kinachofanya kazi hiyo hasa ni ile tabaka nyepesi ya ndani inayofanana na kasha la kuhifadhia samaki: inapopondeka, inakula nguvu ambayo ingeupiga ubongo. Ikishapondeka mara moja haijirudishi, kwa hiyo kofia iliyowahi kuanguka na kichwa ndani yake haina kazi tena, hata kama kwa nje inang'aa. Kamba ya kidevu isipofungwa, kofia hutangulia kuondoka kabla kichwa hakijafika chini. Tena kofia ya vita si mbadala wake, kwa kuwa ile imetengenezwa kuzuia vipande vya chuma, nayo hii imetengenezwa kwa ajili ya lami. Nalazimika kusema haya kwa sababu ninaona askari mwenye kofia nzuri kichwani, akiwa amempakia mkewe na mtoto katikati, na wale wawili hawana kitu. Waganga wa KCMC pale Moshi, hospitali inayopokea majeruhi wa kichwa kutoka Kaskazini yote, wameandika kwa miaka mingi kwamba ajali za barabarani ndizo zinazowaletea majeruhi wengi wa ubongo, na pikipiki iko mstari wa mbele. Abiria naye ni kichwa.

Sasa nije kwenye breki, ambako mafunzo yetu hutumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali zaidi ya 900 za pikipiki, ambazo yeye na wenzake walizifuata pale pale zilipotokea katika eneo la Los Angeles. Alikuta kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Alikuta pia kwamba mbele ya hatari wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likafunga na kuburura, huku ile ya mbele wakiiacha bila kuitumia ipasavyo. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliona vijana wa Arusha mbele yangu. Hapa kwetu kila anayejifunza mtaani anaonywa kwamba breki ya mbele itamrusha juu ya usukani, basi anaikwepa maisha yake yote na kutegemea mguu wa kulia.

Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake husogea mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kupata mshiko zaidi, la nyuma linakuwa jepesi na kuupoteza. Breki ya mbele, ikitumiwa vizuri kwenye lami kavu, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Kinachomwangusha mtu ni kuikamata ghafla kwa nguvu zote kabla uzito haujafika mbele, au kuikamata akiwa amelaza pikipiki kwenye kona, au kuikaza juu ya changarawe na matope. Kwa hiyo namfundisha mwanafunzi kuminya kwanza, kuhisi shoki za mbele zinazama, kisha kukaza zaidi na zaidi, pikipiki ikiwa imesimama wima na macho yakitazama mbali. Tunaanza kwa mwendo wa kutembea, halafu gia ya pili, halafu ya tatu. Askari huelewa upesi nikimwambia kwamba kifyatulio cha bunduki nacho hakivutwi kwa kukurupuka, na hapo ndipo mkono wake unapotulia.

Baada ya hapo tunapima kwa miguu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mtu aliye macho anahitaji takriban sekunde moja kuiona hatari na kuanza kubana breki, kwa hiyo mita hizo 14 zimekwisha kwenda kabla breki haijaanza kazi. Kisha, kwa breki nzuri na lami kavu, anahitaji nyingine kama hizo hadi asimame. Kwa kilomita 80 kwa saa sekunde ile ya kwanza inakula mita 22, na kusimama kunahitaji kama 35 zaidi. Ninaweka koni mbili, moja kwenye mita 28 na nyingine kwenye mita 57, kisha namwambia mwanafunzi asimame katikati yake na kutazama pande zote mbili. Sijapata kuona maelezo ya mdomo yakifanya kazi ambayo koni zile mbili hufanya.

Ripoti ile ya Hurt ilikuwa na jambo jingine la kutufaa. Robo tatu ya ajali alizochunguza zilihusisha pikipiki kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili ya hizo dereva wa gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Mara nyingi dereva yule hakuiona kabisa, au aliiona amechelewa. Hili lina uzito wa pekee kwa mwanajeshi, kwa sababu kombati anayoivaa imebuniwa ili asionekane. Mabaka yale ya kijani na kahawia yanayomficha porini yanamficha vile vile mbele ya ukingo wa miti ya barabarani, jioni, machoni pa dereva wa Hiace anayekata kona. Reflekta juu ya kombati lingekuwa sharti la kwanza pale langoni, na taa ya mbele iwake hata mchana. Vidole vifunikwe glavu, na miguu iwe ndani ya viatu vinavyopita kifundo; buti za askari zinafaa sana, kuliko kandambili anazobadilisha akifika nyumbani kabla ya kutoka tena kwenda dukani.

Barabara yenyewe ya kutoka mjini kwenda Monduli ina masomo yake, na kwa askari wanaokaa huko si vyema kufundishwa uwanjani tu bila kuipita pamoja na mwalimu. Anayekuja Arusha asubuhi anaelekea mashariki, jua likiwa limemkabili usoni. Anayerudi jioni anaelekea magharibi, na jua linamkabili tena. Kioo cha kofia kilichokwaruzika kinageuza mwanga ule kuwa ukungu mweupe, na mtu akiwa ndani yake hamwoni mbuzi wala mchungaji wake, hasa kuzunguka Meserani ambako mifugo huvuka barabara kila siku. Upepo wa Kisongo unasukuma kutoka pembeni, na lori la semi likikupita linakuvuta kwanza kisha linakusukuma, kwa hiyo mikono ilegee kidogo na magoti yabane tangi. Halafu kuna ile njia panda ya kuingia Monduli. Kwa anayetoka Arusha ni kukata kulia, mbele ya magari yanayokuja kutoka Makuyuni kwa mwendo wa barabara kuu, huku nyuma yake kuna Noah lenye abiria linalotaka kupita. Indiketa iwashwe mapema, kioo cha pembeni kitazamwe, kisha kichwa kigeuzwe kabisa kutazama begani, kwa sababu kioo hakionyeshi kila kitu. Ukisikia mlio nyuma yako usikate, teremka kwenye bega la barabara upande wa kushoto usubiri. Kusubiri namna hiyo ni kugumu kwa kijana aliyefundishwa kwamba asiye na kasi ameshindwa, nami huwa nakaa kwenye somo hili hadi niridhike.

Monduli ni kwao Edward Sokoine, Waziri Mkuu wetu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 huko Dakawa, Morogoro, na kaburi lake liko Monduli Juu. Hakuwa kwenye pikipiki, lakini nikipita na wanafunzi upande ule huwa nawakumbusha kwamba taifa liliwahi kusimama kwa sababu ya dakika moja ya barabarani.

Kwa upande wa Moshi matatizo ni mengine. Wanajeshi wenyeji wa Kilimanjaro hurudi kwao Desemba, kama Wachaga wote, na wengi huchukua pikipiki kupanda Kibosho, Machame au Marangu. Kupanda si tabu. Kushuka ndiko kunakoua. Wapo wanaoachia gia huru na kuzima injini ili kuokoa petroli, wakabaki na breki za dram peke yake kwenye mteremko mrefu, nazo zikishachemka zinapoteza nguvu wakati mtu anapozihitaji zaidi. Namna sahihi ni kushuka kwa gia ndogo, injini ikiwa inashikilia mwendo, na breki zikiguswa na kuachiwa. Lami ya migombani mara nyingi imelowa hata mvua isiponyesha, na majani yaliyoanguka kwenye kona huteleza kama sabuni.

Uchovu ni somo ambalo askari hulipokea kwa shida kuliko yote, kwa kuwa amelelewa kuushinda. Aliyetoka lindo la usiku akapanda pikipiki alfajiri anaweza kusinzia kwa sekunde mbili akiwa amefumbua macho, na kwa kilomita 80 hizo ni mita zaidi ya 40 bila dereva. Hakuna zoezi la kijeshi linaloufundisha ubongo kukaa bila usingizi na bado uitikie haraka. Alale kwanza, hata saa mbili kambini, au aombe nafasi kwenye gari la wenzake. Na aliyekunywa pombe kwenye mesi aiache pikipiki pale pale ilipo.

Wapo pia wanaorudi kutoka misheni za amani, na hawa nawaombea utaratibu wa peke yao. Kwenye nchi ambako wanajeshi wetu wamehudumu chini ya Umoja wa Mataifa, kama Lebanoni, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mtu aliyekaa huko kwa miezi mingi, hata kama hakuendesha mwenyewe, macho yake yamezoea kutafuta hatari upande wa kushoto kwanza. Akirudi Arusha na fedha ya misheni ananunua pikipiki katika wiki za mwanzo, na pale Kilombero au kwenye mzunguko wa Impala anatazama kushoto kabla ya kulia. Somo la marudio kabla hajapewa ruhusa ya kutoka na pikipiki lingemsaidia sana: leseni na bima zikaguliwe, tairi, cheni, breki na taa ziangaliwe mbele yake, kisha mazoezi ya kusimama ghafla, kukwepa kikwazo na kutazama begani yarudiwe hadi yarudi mwilini.

Vifaa vya kufanyia haya yote ni vichache. Uwanja wa gwaride wenye lami unatosha, pamoja na koni ishirini, pikipiki ndogo tatu, kofia za saizi mbalimbali, mwalimu mwenye sifa, na mkuu wa kombania aliye tayari kuwaachia vijana kumi siku mbili za kazi. Katika kila kundi achaguliwe koplo au sajenti mmoja mwendeshaji mzoefu, abaki kuwa mlezi wa wapya baada ya mwalimu kuondoka, aongozane nao safari za kwanza za kwenda mjini na kurudi, na awe na uwezo wa kumwambia kijana kwamba leo hapandi. Mimi na walimu wenzangu wa hapa mjini tuko tayari kufika kambini na koni zetu, na siku za kati ya wiki ndizo zinazotufaa zaidi, kwa kuwa Jumamosi viwanja vyetu vimejaa bodaboda wanaosomea leseni.